Termosta Zote Nilizong'oa

Vijana wa garaje, mmeniomba niandike habari za kazi yangu. Nadhani mliniomba kwa adabu tu, kama mtu anayemwambia jirani "karibu chakula" huku sufuria imeshafunikwa. Bahati mbaya mimi ni jirani anayekaa. Nimenunua daftari, nimekaa kwenye baraza yangu hapa Kalundu, Uvira, na mke wangu amefurahi sana, kwa sababu nikiwa naandika simfuati jikoni kumweleza jinsi ya kuwasha makaa.

Sitaandika jinsi nilivyopanda cheo. Katika garaje yetu vyeo vilikuwa viwili: anayelala chini ya gari, na anayesimama pembeni akisema "kaza". Nililala chini miaka mingi, mgongo ukakataa, nikasimama pembeni. Hiyo ndiyo habari yote ya kupanda kwangu. Ninachotaka kuandika ni kosa moja. Mazuri niliyofanya mnayajua, nimeyasimulia kila siku saa ya chai mpaka wengine wenu mkaacha kunywa chai.

Nilianza kazi kwa Metre Rubeni, fundi mkuu wa garaje siku zile, ambaye nyinyi hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyefundishwa ufundi na Mgiriki mmoja mwenye malori ya pamba. Siku yangu ya kwanza alinipa karai la mafuta ya taa na brashi, akanionyesha rundo la vyuma vichafu, akaenda zake. Siku ya pili vilevile. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaamini kwamba ufundi ni kuosha vyombo vya karamu ambayo hukualikwa. Hata hivyo haikuwa shule mbaya. Chuma ukikiosha mara mia, mkono unakijua hata macho yakiwa yamefumba, na mpaka leo naweza kutambua beringi iliyochoka kwa kidole gumba tu.

Wiki ya tatu akaniita kwenye lori lililokuwa limefunguliwa kapo, kile kifuniko cha injini.

"Weye muntu wa Kalundu, kuya hapa," akasema. "Unaona hii kitu?"

Kilikuwa kipande cha shaba chenye upana wa kikombe cha kahawa, na katikati yake kulikuwa na mlango mdogo wenye springi. Ndiyo termosta. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kupoa kwenye radiatere mpaka motere ishike moto. Ikishika, ule mlango unafunguka wenyewe na maji yanapita. Metre Rubeni alikitoa, akakifuta, akakitunga kwenye waya uliokuwa ukining'inia karibu na mlango. Waya ulikuwa umeshajaa termosta nyingine, zimetungwa kama samaki wa kupeleka nyumbani.

"Hii bazungu balitengeneza juu ya baridi ya kwabo," akanifundisha. "Hapa Uvira baridi iko wapi? Maji ipite tu. Sindano ya moto ikilala, weye pia ulale."

Sindano yenyewe ni ile inayomwonyesha shofere joto la maji. Hakuwa mjinga, msimcheke. Siku zile tulikuwa tunajaza radiatere kwa maji ya ziwa, na ule uchafu mweupe unaobaki chini ya birika ulikuwa unabaki hata ndani ya motere. Mlango wa termosta ulikuwa unakwama ukiwa umefungwa, lori linachemka katikati ya mlima, shofere anakaa juu ya jiwe anamlaani fundi wake. Metre aliona mlango unasumbua, akauondoa mlango. Wengi wetu tungefanya hivyo.

Basi nikawa mng'oaji. Mtu akileta gari kwa ajili ya breki, anaondoka na breki nzuri na bila termosta. Nilikuwa naing'oa bure, kama sadaka, na mara nyingi sikumwambia mwenyewe, kwa kuwa sadaka haitangazwi. Teksi, lori, gari la daktari, gari la padri, gari la shehe: nilizihudumia zote bila ubaguzi wa dini. Metre Rubeni alipofariki aliniachia funguo zake za kukazia, ule waya, na imani yake yote.

Miaka michache kabla sijastaafu, Hadji Asumani alinunua pikapu. Kwa wasiomjua, Hadji ni mfanyabiashara wa chumvi, sabuni na mchele, ambaye babu zake walifika hapa kwa biashara ya ziwa na hawakuona sababu ya kuondoka. Pikapu yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, ya zamani, ndefu na pana kupita kiasi, na motere yake ilikuwa ya esansi, yaani petroli, yenye silinda nane. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma juu ya boti la mizigo, na ilipoteremka bandarini watu walirudi nyuma bila kuambiwa. Ikipita barabara ya soko, pikipiki zilikuwa zinapanda kwenye vibaraza vya maduka. Watu wakaiita Kiboko.

Hadji alitaka Kiboko apeleke chumvi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, Lemera, kule milimani, arudi na maharagwe na viazi, na njiani achukue mchele Luberizi. Kabla ya safari ya kwanza aliniletea nimkague. Nilimkagua vizuri sana. Mnajua nilichokitoa.

Shofere wake aliitwa Kashindi, muumini wa kanisa letu, mtu mpole anayeendesha gari kama amebeba mayai ya jirani. Kanisani alikuwa anapitisha kikapu cha matoleo. Kwetu kazi hiyo hapewi mtu ambaye jina lake lina doa, hata doa dogo la kupewa tu na majirani. Alikuwa anavaa kwa ajili hiyo koti moja la rangi ya udongo, na alikuwa anatembea nalo polepole kati ya viti, na nadhani ilikuwa ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote katika wiki.

Baada ya miezi michache Hadji akagundua kwamba Kiboko anakunywa. Sisemi alikuwa na kiu, kiu ni ya kawaida kwa gari la ukubwa ule. Alikuwa mlevi. Esansi ya kwenda na kurudi Lemera ilikuwa inaishia njiani, Kashindi anabaki kando ya barabara akiomba pikipiki imletee bidon, dumu la esansi. Lori la jirani yake Hadji, lililo kubwa zaidi, lilikuwa linakwenda safari hiyohiyo na kurudi na mafuta tumboni.

Siku moja mchana Hadji akaja garajini na Kiboko, Kashindi akiwa kwenye usukani. Akaniambia nitafute esansi inapotokea. Nililala chini, mgongo ukalalamika, nikapitisha mkono kwenye tangi, kwenye mabomba, nikanusa kila kona. Nikatoka nikijifuta mikono, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake:

"Motere iko muzuri kabisa, Hadji. Haivuje hata tone moja."

Hadji akafikiri kidogo. "Kama motere iko muzuri na tangi haivuje," akasema, "basi ile esansi iko na miguu."

Akageuka akamtazama Kashindi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamtazama Kashindi pia.

"Patro, minye sijawahi kuchukua hata kikombe," Kashindi akasema.

"Sijasema kitu," Hadji akajibu. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Esansi ikiendelea kutembea, utaniachia funguo."

Katika mji wenye pikipiki nyingi kama wetu, habari haihitaji redio. Kufikia jioni watu walijua, na kufikia Jumapili wazee wa kanisa walikuwa wamempa kikapu mtu mwingine, "kwa muda tu, huku tukimwombea ndugu yetu". Mnajua wenyewe shofere anayefukuzwa kwa wizi wa esansi anapata kazi wapi. Hapati. Kutoka Uvira mpaka Luberizi hakuna mwenye gari atakayempa funguo, hata za toroli la mkono, kama toroli lingekuwa na funguo. Kashindi alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na alichokuwa nacho ni kuendesha na jina lake.

Hadji naye akaanza ulinzi. Alifunga kufuli kwenye kifuniko cha tangi, ufunguo akauvaa shingoni. Kila Kashindi aliporudi, Hadji alimkamata viganja na kuvinusa, akakuta vinanuka esansi, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nilimwambia kwamba viganja vya shofere yeyote vinanuka esansi. Akanusa na vyangu, akanitazama vibaya siku nzima.

Mimi nilijiambia kwamba nitamfanya Kiboko apunguze kunywa hata kama shofere wake ni mwizi. Na hapa vijana msikilize, kwa sababu niliyoyafanya wiki ile ni ya kweli yote na mtayahitaji. Kwanza nilishusha mzigo usiouzwa. Nyuma ya Kiboko kulikuwa na mawe manne ya kuzuia magurudumu, mnyororo wa kuvutia lori, springi tatu zilizovunjika ambazo Hadji alisema siku moja zitafaa, na giaboksi ya gari ambalo halikuwa la Hadji wala la mtu yeyote aliyefahamika. Mbele Hadji alikuwa amechomelea pare-choc, yaani bampa, ya chuma cha reli, ya kupambana na ng'ombe wa bondeni. Nilimwuliza ameshagonga ng'ombe wangapi. Akasema hata mmoja. Nikasema basi hiyo reli inabebwa bure, akasema hawajagongwa kwa sababu wanaiona. Ilibaki.

Kisha nikaongeza pumzi kwenye magurudumu. Wengi wanaipunguza ili gari lisirukeruke kwenye mashimo, lakini gurudumu legevu ni kama kutembea kwenye matope: unafika, ila umekula chakula cha watu wawili. Nikafungua filta ya hewa nikakuta vumbi la bonde zima na makapi ya mchele ya kutosha kutandika kitanda cha mbuzi. Gurudumu la nyuma la kushoto breki yake ilikuwa haiachii. Ukilinyanyua kwa jeki na kulizungusha, lilikuwa linasimama lenyewe. Nikailegeza. Nikabadilisha buji, yaani plagi, zote nane, zilizokuwa nyeusi kama mkaa.

Kiboko akawa mwepesi. Kashindi alisema sasa anapita Sange bila kusukumwa na maombi. Lakini safari iliyofuata Kiboko aliendelea kunywa, pungufu kidogo kuliko zamani, lakini bado ulevi. Na nilipozichomoa zile buji mpya baada ya siku chache, nilizikuta nyeusi tena. Buji nyeusi maana yake motere inapewa esansi kuliko inavyoweza kuchoma. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikalifikiria, nikakosa jibu, nikaliacha, kwa sababu tayari kulikuwa na mwizi.

Ndipo Hadji akamtuma dada yake mkubwa. Bi Zaina ni mjane, anauza vitenge sokoni, na ndiye mtu pekee mjini anayemwita Hadji kwa jina lake tupu. Alikwenda Lemera na kurudi akiwa amekaa katikati ya kabini, mkoba mapajani, akimlinda Kashindi. Waliporudi esansi ilikuwa imekwisha kama kawaida. Nilikuwepo kwenye depo, ghala la Hadji, alipotoa ushahidi.

"Huyu muntu hakuiba, Asumani," akasema. "Nilimuangalia kwenda na kurudi. Hata alienda kujisaidia, nikahesabu dakika."

"Haukulala?" Hadji akauliza.

"Minye? Nilifumba tu macho."

"Toka wapi mpaka wapi?"

Bi Zaina akarekebisha mtandio wake. "Toka Luberizi mpaka Uvira. Lakini nilikuwa nasikia yote."

Hadji akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Kashindi alikuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Bi Zaina alipoona ushahidi wake umeanguka, akanigeukia mimi.

"Na weye fundi, ile kitu ya kuleta joto mu gari haitumike. Asubui kule Lemera baridi ilinishika mu mifupa. Nikamwambia shofere awashe joto. Anawasha, inaniletea upepo ya baridi. Tulitembea saa nzima, upepo ni ileile tu. Sasa fundi gani anaacha gari hivyo?"

Nilianza kumjibu kwamba hapa kwetu hakuna anayetengeneza kifaa cha joto, kwamba ni kama kutengeneza mwavuli wa samaki. Sikumaliza. Joto la kabini halitoki kwingine, linatoka kwenye maji ya motere. Gari limetembea saa nzima, limebeba viazi, na maji yake hayawezi kupasha miguu ya mama mmoja.

Nilitoka nje nikafungua kapo. Kiboko alikuwa ndiyo kwanza amerudi, amesimama kwa dakika chache tu. Nikashika bomba la juu la radiatere kwa mkono mtupu. Kwa gari lililotoka safari ya milimani nilipaswa kupiga kelele. Nililishika, nikaendelea kulishika. Lilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Motere za aina ile zina kijisanduku cha umeme kinachopima joto la maji. Maji yakiwa baridi, kinadhani motere ndiyo kwanza imeamka, kwa hiyo kinaiongezea esansi, kama unavyompa uji mtu aliyeamka. Mpaka maji yapate moto, ndipo kinapunguza. Kiboko, kwa kukosa termosta, maji yake yalikuwa yanapoa kila dakika. Alikuwa anaamka kutoka Uvira, anaamka Luberizi, anaamka mlima wote mpaka Lemera, anashuka bado anaamka. Hakuwa mlevi. Alikuwa hajawahi kuwa macho, na aliyemfanya hivyo nilikuwa mimi.

Nilirudi garajini kwa miguu. Kwenye waya wa Metre Rubeni nikaitafuta termosta ya Kiboko, na haikunichukua muda, ilikuwa kubwa kuliko zote. Nikaipeleka nyumbani, nikachukua sufuria ya mke wangu, nikachemsha maji nikaitumbukiza ndani. Ikatulia. Maji yalipokaribia kutokota, ule mlango ukafunguka polepole. Nikaitoa, ikapoa, mlango ukajifunga. Mke wangu aliuliza napika nini. Nikamwambia napika aibu. Akasema basi nisitie chumvi, imebaki kidogo.

Kesho yake nikairudisha mahali pake, na kwa kuwa hakuna aliyeuza pakingi ya kuzibia maungio ya gari lile, nikaikata kutoka kwenye katoni la sabuni la Hadji mwenyewe. Kashindi akapakia chumvi, akaenda Lemera, na nikaenda naye. Kiboko alipanda mlima akiimba. Sindano ya moto ilisimama katikati pale inapotakiwa, joto likatoka kwenye matundu, Kashindi akafungua kioo. Nilimwambia nimebadilisha kipande kidogo, akasema asante.

Tuliporudi, watu walikuwa wamejaa depo. Hadji akatoa ufunguo shingoni, akafungua tangi, akaamuru esansi iliyobaki ivutwe kwa mpira, ionekane. Kashindi alikatazwa kuugusa mpira asije akaonekana anaijua kazi hiyo. Ikatoka bidon moja ikajaa. Ikatoka ya pili, ikafika zaidi ya nusu. Watu wakaguna kwa mshangao.

"Mumeona?" Hadji akasema, na alikuwa na furaha ya kweli. "Kufuli pamoja na dada yangu. Mwizi akijua anaangaliwa, esansi inabaki. Sasa nina hakika. Mwezi ukiisha, shofere, tutaagana kwa amani."

Sikuwa nimewaza hilo kabisa. Nilidhani nikitengeneza gari kimyakimya, mambo yatajitengeneza yenyewe. Kumbe kadiri Kiboko alivyopona, ndivyo Kashindi alivyozidi kuwa mwizi. Kila lita iliyobaki kwenye bidon zile ilikuwa shahidi dhidi yake. Nilipaswa kusema papo hapo. Lakini pale walikuwepo wateja wangu wanne, na wote wanne nilikuwa nimewang'olea. Nikasema nina kazi garajini, nikaondoka. Hilo ndilo neno linalonichoma mpaka leo, kuliko hata termosta yenyewe, kwa sababu termosta niliing'oa kwa kutojua.

Jumapili nilikaa kanisani. Kikapu kilipitishwa na kijana mmoja mrefu aliyekuwa anakimbia nacho kama anakimbizwa na mvua. Kashindi alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, bila lile koti lake. Kikapu kilipomfikia alitia alichokuwa nacho, na wawili waliokuwa karibu naye wakachungulia kuona kama anatia au anatoa. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Hadji na jiko la makaa, sufuria ya mke wangu na ule waya mzima. Bi Zaina alikuwepo, Kashindi alikuwa anapakia, na wateja walikuwepo. Nikawasha moto katikati ya depo. Hadji akauliza kama nimehamia kwake. Nikaichukua termosta moja, nikaitumbukiza, nikawaita wote waangalie mlango ukifunguka, kisha nikaeleza kila kitu, maji, kijisanduku, esansi, polepole, kama ninavyowaeleza nyinyi. Hadji alisikiliza huku akichezea ufunguo.

"Sasa hii kitu ilikosekana mu Kiboko," akasema.

"Ilikosekana."

"Nani aliitoa?"

"Minye, Hadji."

"Na mu lori yangu ya zamani, ile niliuza juu ya kunywa sana?"

"Minye vilevile."

"Na mu gari ya shemeji yangu?"

Nikainua waya. "Iko hapa katikati, ya tano kutoka juu."

Hadji akakaa juu ya mfuko wa chumvi. Bi Zaina alicheka mpaka akashika ukuta, na mteja mmoja akatoka nje haraka kwenda kufungua kapo ya gari lake. Hadji ni mtu mbishi, lakini ubishi ukimwisha ni mtu wa haki. Alinyanyuka, akamwendea Kashindi mbele ya watu wote.

"Shofere, nilikudhulumu," akasema. "Nisamehe. Funguo za gari ni zako mpaka weye mwenyewe uchoke."

"Nimesamehe, patro," Kashindi akajibu. Kisha akanigeukia. "Baba Neema, asante. Lakini kwa kanisa bado minye ni mwizi. Utakuya na ile sufuria?"

Nilikwenda nayo Jumapili iliyofuata. Mchungaji alinipa dakika tatu, nikatumia karibu dakika ishirini, kwa kuwa ukianza kueleza termosta huwezi kuishia njiani. Nilisimama mbele ya waumini na kipande cha shaba mkononi, nikasema kwamba ndugu Kashindi hakuchukua hata kikombe, kwamba mwizi ilikuwa mikono hii, na kwamba nilipoujua ukweli niliuficha siku tatu. Mama wazee waliitikia amina kila niliposema mlango unafunguka. Mchungaji akauliza, kwa upole, ni nani mwingine kanisani humo aliyetengenezewa gari na mimi. Wanaume wakasimama safu mbili. Yeye mwenyewe akabaki amesimama.

Wiki iliyofuata magari yalipanga mstari kutoka garajini mpaka kwenye daraja. Wengine wenu mlikuwepo, mkadhani biashara imekua. Zile zilizokuwa zinafunguka kwenye sufuria nilizirudisha bure, zilizokufa niliagiza nyingine Bujumbura kwa fedha ya mfukoni mwangu. Maji ya ziwa nilipiga marufuku. Mke wangu alinunuliwa sufuria mpya, na ile ya zamani ndiyo hiyo mnayopimia termosta.

Lakini Jumapili ile, ibada ilipokwisha, nilimngoja Kashindi nje. Alikuwa amepitisha kikapu, bila koti, kwa kuwa hakujua kama wangempa siku hiyohiyo. Kulikuwa na jambo moja lililokuwa linanisumbua.

"Kashindi," nikamwambia, "weye ndiye uko kwa usukani. Hukuonaka kama sindano ya moto haipande?"

"Nilionaka. Toka safari ya kwanza. Na nilijuaka gari iko nasikia baridi."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

Alinitazama bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Siku ile Hadji alikuuliza, nilitaka kusema, lakini weye ulimujibu mbele yangu, kisha ukaniangalia," akasema. "Muntu akishakuwa mwizi, akisema gari iko na baridi, nani atamusikia?"

Nilimwomba msamaha tena, safari hii bila sufuria na bila watu, akaupokea, tukashuka pamoja mpaka barabarani. Miaka yangu iliyobaki kazini mlikuwa mnanung'unika kwamba mzee anapoteza muda kwenye benchi akipiga soga na mashofere, wakati magari yao yanangoja kufunguliwa. Sasa mnajua nilichokuwa nawauliza.